Michango ya kazini kwa watoto wenye uhitaji: kwa nini huanza kwa kishindo na kufa kimyakimya?

#1 Mtunza Daftari

Habari zenu, wanajukwaa. Naleta suala ambalo limenikaa kichwani tangu nilipofunga daftari la michango la mwezi uliopita. Mimi ni mweka hazina wa mfuko mdogo ambao wafanyakazi wa idara yetu waliuanzisha ili kuwasaidia watoto wanaolelewa katika kituo kimoja, pamoja na vijana wachache waliokwisha kutoka kituoni hapo na ambao hawana ndugu wa kuwashika mkono. Siku ya uzinduzi kila mtu alichanga isipokuwa wawili waliokuwa likizo, na hao nao walituma fedha zao kabla ya jioni. Mwezi wa pili tulikuwa zaidi kidogo ya nusu, mwezi wa nne tulikuwa robo, na sasa tumeingia mwezi wa nane na waliobaki wanaenea kwenye meza moja na viti vinabaki.

Hakuna aliyetangaza kujitoa, hakuna fedha iliyopotea, wala mishahara haikupunguzwa. Watu ni wale wale, na nikikutana nao koridoni wananiuliza kwa upole usio wa kuigiza, "Watoto wetu wanaendeleaje?" Nami nabaki na kigugumizi, kwa sababu neno "wetu" linatamkwa kwa urahisi na mtu ambaye jina lake sijaliandika tangu mwezi wa tatu.

Natanguliza dai langu mwenyewe ili mlipige: nadhani watu hawachoki kutoa, huchoka kukumbushwa. Aliye na maelezo bora anisahihishe.

#2 Karani wa Zamani

Umekaribia, Mtunza Daftari, ila umeanzia mwezi wa pili ilhali jibu liko siku ya kwanza. Hebu tuambie, siku hiyo ya uzinduzi ni nani aliyesimama mbele na kuzungumza? Kama alikuwa mkuu wa idara, basi hukukusanya michango siku ile, ulikusanya heshima ambayo watu walimlipa bosi wao, na heshima ya namna hiyo hulipwa mara moja.

Katika ofisi niliyofanyia kazi kwa miaka mingi, orodha ilibandikwa mlangoni ikiwa na majina na kiasi, na jina la mkuu ndilo lililotangulia. Hakuna aliyethubutu kuandika zaidi ya mkuu, wala hakuna aliyetaka kuandika pungufu sana ya jirani yake wa meza. Nilichanga kwa miaka miwili bila kujua hata jina la kituo tulichokuwa tukikisaidia, na nilipohamishiwa jengo lingine niliacha siku hiyo hiyo, nikajisikia mwepesi, kisha nikaona haya kwa kujisikia mwepesi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2012 wachumi Stefano DellaVigna, John List na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti wa michango ya nyumba kwa nyumba uliofanyika pembezoni mwa Chicago. Baadhi ya kaya ziliachiwa kikaratasi kilichotaja saa ambayo mchangishaji angepita kesho yake, na idadi ya waliofungua mlango ikapungua kwa kati ya asilimia 9 na 25. Kikaratasi kilipokuwa na kisanduku cha kuweka alama ya "msinisumbue", michango yenyewe ilishuka kwa kati ya asilimia 28 na 42. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya waliokuwa wakitoa walitoa kwa sababu walikutwa mlangoni. Kazini, ndugu yangu, mlango huo hauna pa kujifichia.

#3 Kipima Joto

Hapo pa kutomzidi bosi nimecheka peke yangu. Kwetu alikuwepo mmoja aliyesubiri mpaka orodha ijae, ndipo aliandike jina lake chini kabisa kwa mwandiko usiosomeka, na kiasi chake kwa mwandiko usiosomeka vilevile. Tulimpa cheo cha Mfadhili Asiyejulikana.

Mchango wangu katika uzi huu ni huo tu, na nashukuru kwamba hapa jukwaani michango haibandikwi mlangoni.

#4 Mkaguzi Mstaafu

Naheshimu maelezo ya Karani wa Zamani, lakini shinikizo peke yake halielezi kwa nini watu wanaoacha huendelea kuuliza habari za watoto kwa moyo mkunjufu. Mtu aliyelazimishwa hukwepa mada yenyewe. Nimekagua mifuko ya namna hii mara nyingi, na ugonjwa niliouona ni mmoja: fedha zinakwenda, habari hairudi.

Katika mfuko mmoja nilioombwa kuupitia, kila kitu kilikuwa safi. Stakabadhi zilikuwepo, hesabu zililingana hadi senti ya mwisho, na taarifa ilitumwa kila baada ya miezi mitatu. Hata hivyo taarifa hiyo ilikuwa jedwali lenye safu mbili, mapato na matumizi, na katika safu ya matumizi kulikuwa na neno moja linalojirudia: "kituo". Mchangiaji alikuwa anajua kwamba hakuibiwa, lakini hakuwa anajua alichofanya. Nawaambia kwa uzoefu kwamba mtu anayejua tu kuwa hakuibiwa hana sababu ya kutosha ya kuendelea kutoa.

Kwa hiyo, Mtunza Daftari, nikuulize swali la ukaguzi: wachangiaji wako wanapata nini mikononi mwao kila mwisho wa mwezi?

#5 Mtunza Daftari

Asanteni. Mkaguzi Mstaafu, umenishika pabaya. Wanapata ujumbe katika kundi letu la simu, wenye jumla iliyokusanywa, jumla iliyopelekwa, na picha ya stakabadhi. Safu zangu ni tatu badala ya mbili, lakini siwezi kujisifu kwa hilo.

Na Karani wa Zamani, ndiyo, aliyesimama mbele alikuwa mkuu wa idara. Ila nimtetee: alizungumza kwa dakika chache, hakutaja kiasi, na yeye ni mmoja wa hao wanaoenea kwenye meza moja hadi leo.

#6 Wino Haufutiki

Mkaguzi amegusa jambo ambalo naomba nilipanue. Kuna utafiti mashuhuri wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, uliochapishwa mwaka 2007, ambapo watu waliolipwa dola 5 kwa kujaza dodoso waliombwa kuchangia sehemu ya fedha hiyo. Walioonyeshwa habari ya msichana mmoja wa miaka 7 kutoka Mali walitoa wastani wa dola 2.38. Wengine walisomewa takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa, nao walitoa wastani wa dola 1.14. Kilichoshangaza zaidi ni kundi la tatu, lililopewa msichana huyo huyo pamoja na takwimu: lilitoa dola 1.43 tu. Yaani tarakimu hazikuusaidia uso wa mtoto, ziliuzima.

Sasa tazama kinachotokea kazini. Siku ya uzinduzi huletwa mtoto, au picha yake, au mlezi anayesimulia kisa kimoja hadi watu wakatafuta leso. Kuanzia mwezi wa pili zinaletwa safu tatu za Mtunza Daftari. Sioni haja ya kuwatafutia watu lawama nyingine. Walianza kwa kumpa mtoto, na baadaye wakaambiwa waendelee kulipa jedwali.

#7 Mlezi wa Zamu

Salamu kwenu. Ninafanya kazi upande wa pili wa uzi huu, yaani kwenye kituo kinachopokea, na kwa siku kadhaa nimesoma bila kuandika. Wino Haufutiki ameniamsha.

Huo "uso wa mtoto" mnaoutaka kila mwezi una mwenyewe. Wageni wa maofisini hufika kwetu kwa mafungu, hasa karibu na sikukuu, nao huomba mambo mawili: watoto wakusanyike, na wapige nao picha. Katika mwezi mmoja mtoto huyo huyo anaweza kusimama kando ya masanduku kwa makundi manne tofauti, akitabasamu kwa kuagizwa, na picha zikasambazwa katika simu za watu ambao hatawafahamu maishani. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake bila sababu ya haki, na sikuona mahali ibara hiyo inaposema kwamba faragha huisha pale mtu anapoleta daftari na kalamu.

Kuhusu kuanza kwa kishindo na kufa, niwaeleze jinsi linavyoonekana tukiwa ndani. Sisi hatuoni mkunjo unaoshuka polepole kama Mtunza Daftari. Tunaona mlima na shimo. Kuna wiki ambayo mabegi ya shule hujaa stoo mpaka tunakosa pa kukanyaga, na kuna miezi ambayo mlezi wa usiku hajalipwa. Hakuna ofisi iliyowahi kutuletea mchango wa kumlipa mlezi wa usiku, na naelewa kwa nini: hapigiki picha vizuri. Lakini mtoto anayeamka saa nane za usiku akilia hamwiti begi.

#8 Kipima Joto

Nakiri nilikuwa naandaa utani, na nimeufuta. Endelea, Mlezi.

#9 Nyundo na Patasi

Nilikua kwenye kituo, kwa hiyo niruhusiwe kuongeza neno.

Picha za aina hiyo zipo zangu nyingi kuliko za jamaa zangu wote wa sasa. Sizionei uchungu sana, kwa sababu waliozipiga hawakuwa watu wabaya na viatu walivyoleta nilivivaa. Kilichonikata ni siku niliyofikisha miaka 18. Kabla ya hapo nilikuwa "mtoto mwenye uhitaji" na watu walichanga. Baada ya hapo nikawa kijana mzima mwenye nguvu, na nguvu hizo zikawa sababu ya kufunga daftari. Nilikuwa na cheti cha shule, sikuwa na mtu wa kunidhamini kwenye chumba cha kupanga, sikujua kuandika barua ya kuomba kazi, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia simu nikiugua.

Aliyenitoa hapo hakunipa fedha. Alikuwa fundi mkuu wa karakana ya kampuni moja iliyokuwa ikituletea zawadi. Alimwomba mwajiri wake anichukue kama mwanagenzi kwa mwaka mmoja, na yeye mwenyewe akawa ananipigia simu kila Jumapili jioni kuniuliza kama nimekula. Simu hizo alizipiga kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo, Mtunza Daftari, kabla hujauliza kwa nini fedha zinapungua, uliza mahali pa kazi kuna nini kingine cha kutoa. Ofisi ina mashine, ina wataalamu, ina nafasi za mafunzo, ina barua za utambulisho. Kumwomba kila mtu pochi wakati mmezungukwa na karakana nzima ni kama kwenda kisimani na kijiko.

#10 Mtunza Daftari

Nashukuru sana kwa hili, Nyundo na Patasi. Katika vijana wetu, wawili wanataka ufundi wa umeme, na idara yetu ina mafundi wa umeme. Sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

#11 Ibara kwa Ibara

Nirudishe mjadala nyuma kidogo, kwa kuwa hoja ya Karani wa Zamani ilipitwa haraka. Shinikizo la kazini si dhana ya jukwaani tu. Serikali ya shirikisho ya Marekani ina mpango wa michango ya hisani kwa watumishi wake, ambao mizizi yake ni agizo la Rais Kennedy la mwaka 1961, na kanuni zake zina kifungu mahsusi cha kuzuia ulazimishaji. Kifungu hicho kinakataza msimamizi kumwomba mchango mtu aliye chini yake, kinakataza msimamizi kuuliza nani kachanga na nani hakuchanga, kinakataza kuweka lengo la watu wote kushiriki kwa asilimia 100, kinakataza kumpangia mtu kiasi, na kinakataza kutengeneza orodha ya wasiochanga.

Kanuni haikatazi jambo ambalo halitokei. Kila katazo katika orodha hiyo ni alama ya mahali ambapo mtu aliwahi kubanwa. Sasa msome upya bandiko la kwanza: "kila mtu alichanga isipokuwa wawili waliokuwa likizo, na hao nao walituma fedha zao kabla ya jioni." Mtunza Daftari aliliandika kwa fahari. Mimi nilipolisoma, nilijiuliza nani aliwapigia simu hao wawili.

#12 Karani wa Zamani

Ibara kwa Ibara, umenivisha joho. Nilikuwa nasema kwa uzoefu, wewe umenipa kifungu.

#13 Mtunza Daftari

Niliwapigia mimi. Nakiri.

#14 Tarakimu Tupu

Poleni na majukumu. Naona kila mmoja anaeleza tabia za watu, na hakuna anayeangalia njia ambayo fedha inapitia. Kama kila mwezi mchangiaji analazimika kukumbuka, kufungua simu, kuandika namba na kuthibitisha, basi kila mwezi ana nafasi mpya ya kuacha, tena bila kuamua kuacha. Hii ndiyo siri ya "kimyakimya" katika kichwa cha uzi. Makato ya mshahara hugeuza mambo: mtu huamua mara moja, na akitaka kuacha ndipo afanye juhudi. Nchini Uingereza mpango wa kuchangia hisani kupitia mshahara ulianza mwaka 1987, na faida yake nyingine ni kwamba mchango hukatwa kabla ya kodi ya mapato, hivyo mchangiaji hupata unafuu wa kodi palepale.

Vilevile mwajiri anaweza kuongeza kiasi sawa na anachotoa mfanyakazi. Shirika la hisani la kampuni ya General Electric lilianza utaratibu huo mwaka 1954. Dean Karlan na John List waliujaribu kwa barua zilizotumwa kwa watu zaidi ya 50,000 waliokuwa wamewahi kuchangia taasisi moja, wakachapisha matokeo mwaka 2007: kuwepo kwa nyongeza kuliongeza mapato kwa kila barua kwa asilimia 19. Wenye tamaa wazingatie hili pia: kuahidi nyongeza mara mbili au mara tatu hakukuleta zaidi ya nyongeza iliyo sawa na mchango wenyewe.

Na kwa wanaodhani ombi la bosi ni sumu tupu, upo mfano unaowapinga. Katika jaribio lililofanywa katika ofisi za Deutsche Bank jijini London, ambalo kitengo kilichokuwa cha serikali ya Uingereza cha kushughulikia tabia za watu kililieleza mwaka 2013, wafanyakazi waliombwa kutoa mshahara wa siku moja. Waliopata barua pepe ya jumla walikubali kwa asilimia 5. Walioandikiwa na mkurugenzi kwa majina yao na kupewa pipi mlangoni walikubali kwa asilimia 17.

#15 Ibara kwa Ibara

Tarakimu Tupu, masahihisho mawili. Kwanza, unafuu wa kodi unategemea sheria ya mahali ulipo, na kwingineko makato ya mshahara hayana unafuu wowote, kwa hiyo mtu asikimbilie kuwaahidi wenzake. Pili, jaribio hilo la London lilipima siku moja. Mleta uzi hakuuliza jinsi ya kuishinda siku ya kwanza, maana hiyo aliishinda kwa kishindo. Aliuliza kuhusu mwezi wa nane. Ukweli ni kwamba mfano wako unamtia nguvu Karani wa Zamani.

#16 Tarakimu Tupu

La kwanza nalikubali. La pili nalikubali nusu: asilimia 17 maana yake ni kwamba zaidi ya watu wanane katika kila kumi walimkatalia mkurugenzi wao pamoja na pipi zake. Hilo si shinikizo la kutisha.

#17 Kipima Joto

Au walikula pipi kwanza.

#18 Mkaguzi Mstaafu

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Mnaweza kuweka makato, pipi na barua za mkurugenzi, lakini moyo usipolishwa habari hufa njaa.

Niongeze jambo kuhusu yule mlezi wa usiku aliyetajwa na Mlezi wa Zamu. Watu hawapendi mchango wao uende kwenye gharama za uendeshaji, na hili nalo limepimwa. Uri Gneezy na wenzake walichapisha mwaka 2014 jaribio la barua 40,000 za kuomba mchango, zilizogawanywa katika makundi manne sawa. Kundi lililoambiwa kwamba mfadhili mwingine amekwisha kulipia gharama zote za uendeshaji, hivyo kila senti yao itafika kwenye mradi wenyewe, lilichangia karibu mara tatu ya kundi lililopata barua ya kawaida, na lilizishinda pia barua zilizotangaza nyongeza. Kama mwajiri wa Mtunza Daftari anataka kusaidia, aache kushindana na wafanyakazi wake kwenye mabegi. Alipe mishahara ya walezi, halafu awaambie wafanyakazi kwamba sehemu hiyo imemalizika.

#19 Wino Haufutiki

Nje kidogo ya mada, Mkaguzi, naomba kukusahihisha methali. Wahenga walisema "kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Hilo "usambe" ni la kitenzi cha zamani "kuamba", yaani kusema, maana yake ni "usiseme kwamba ni utajiri". Kwa kuwa watu hawalielewi tena, wameliondoa na kuweka "si".

#20 Mkaguzi Mstaafu

Nimesahihishwa, ahsante. Maana haikubadilika na hoja yangu inasimama.

#21 Nyumba Kwanza

Nimesoma mabandiko yote na nastaajabu kwamba hakuna aliyeuliza kama kituo ndicho kinachostahili mchango. Watoto wengi walio katika vituo duniani wana mzazi mmoja aliye hai, au wote wawili, na kilichowafikisha huko ni umaskini, ada na ugonjwa. Mwongozo wa Malezi Mbadala ya Watoto, ambao Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliupokea mwaka 2009, unasema wazi kwamba umaskini peke yake haupaswi kuwa sababu ya kumtenga mtoto na familia yake.

Aidha kuna utafiti wa Bucharest, nchini Romania, ulioanza mwaka 2000 chini ya Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah. Watoto wadogo 136 waliokuwa katika vituo waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea na nusu wakabaki kwenye malezi ya kawaida ya wakati ule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili, hasa waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi.

Labda baadhi ya wachangiaji wenu walihisi hivyo ingawa hawakuweza kulieleza. Kumsaidia mama alipe ada ili mtoto abaki nyumbani hakuna jengo la kuzindua wala utepe wa kukata, lakini ndiko fedha inakofanya kazi kubwa zaidi.

#22 Mlezi wa Zamu

Nyumba Kwanza, huenda ukashangaa kwamba nakubaliana nawe zaidi ya nusu. Wapo watoto kwetu ambao wangeweza kurudi nyumbani mwezi ujao kama mtu angelipia kodi ya chumba cha mama. Hata hivyo nakuomba utofautishe kuzuia na kukatiza. Mtoto anayelala kituoni leo hawezi kusubiri hadi sera ibadilike, na ofisi inayosoma bandiko lako ikaacha kuchanga bila kuhamishia fedha kwa familia itakuwa imefanya jambo moja tu, nalo ni kuacha kuchanga. Nimewahi kuona hoja nzuri sana zikitumika hivyo. Kikundi kimoja kilitutembelea, kikatueleza ubaya wa vituo kwa saa nzima, kikaondoka na hatukukiona tena. Wala familia hazikukiona.

#23 Nyundo na Patasi

Na wapo wasio na pa kurudi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tuwahesabu.

#24 Nyumba Kwanza

Nimekubali, na naiondoa ile sentensi yangu ya "labda" kuhusu wachangiaji wa Mtunza Daftari, kwa kuwa sina ushahidi wa walichohisi.

#25 Karani wa Zamani

Kabla uzi haujazama, kuna mtu ambaye hatujamtaja: mchangishaji mwenyewe. Kama nilivyosoma, Mtunza Daftari anakusanya, anapeleka, anaandika, anakumbusha, na huwapigia simu walio likizo. Baada ya kazi zake za mshahara. Niambie kwa haki, je, mwezi wa tano ulikumbusha kwa nguvu ile ile ya mwezi wa kwanza?

Na asije mtu kupendekeza alipwe kamisheni. Gneezy na Rustichini walijaribu jambo hilo kwa wanafunzi wa sekondari nchini Israel waliokwenda kuchangisha nyumba kwa nyumba, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Walioahidiwa asilimia 1 ya makusanyo walileta pungufu ya wale ambao hawakuahidiwa chochote, na hata walioahidiwa asilimia 10 hawakuwafikia wale wa bure.

#26 Mtunza Daftari

Hapana, sikukumbusha kwa nguvu ile ile. Mwezi wa tano nilikuwa na mgonjwa nyumbani na nilituma ujumbe mmoja tu, nao ulikuwa mfupi. Nilianza uzi nikidai kwamba watu huchoka kukumbushwa. Huenda nilikuwa najisema mimi.

Niwaeleze nilipofika, bila kudai kwamba nimefika. Nitamwomba mkuu wa idara asitangaze tena chochote, na orodha nitabaki nayo mwenyewe. Kuhusu makato ya mshahara nitauliza idara ya rasilimali watu, ingawa hoja za Ibara kwa Ibara zinanifanya niogope kwamba nitaligeuza shinikizo la siku moja kuwa la kudumu. Picha za watoto sitazituma. Badala yake namwomba Mlezi wa Zamu, au mtu wa kazi yake, anieleze ni habari gani ya mwezi inaweza kuandikwa bila kumtaja wala kumuuza mtoto. Na wale vijana wawili wa umeme nitawafuatilia wiki hii.

#27 Mlezi wa Zamu

Andika kuhusu kazi. "Mwezi huu mlezi wa usiku alilipwa kwa wakati, na watoto wawili wamehamia chumba kikavu baada ya paa kuzibwa." Hapo hakuna jina wala sura, na mchangiaji anajua alichofanya. Waulize pia watoto wakubwa wangependa kiandikwe nini. Wana maoni makali kuliko unavyodhani.

#28 Tarakimu Tupu

Mimi bado nasimamia makato. Mtu akipenda kujitoa, fomu moja inamtosha.

#29 Karani wa Zamani

Na fomu hiyo inapelekwa kwa nani? Kwa bosi. Tutaonana uzi ujao.

#30 Kipima Joto

Nina swali moja, na safari hii si utani. Tumetumia mabandiko karibu thelathini tukieleza kwa nini wengine waliacha. Hao wanaoenea kwenye meza moja, Mtunza Daftari, umewahi kuwauliza kwa nini hawajaacha?

#31 Mtunza Daftari

Sijawahi. Wawili wako zamu leo jioni. Nitaanza nao.